Baba Yako Hayuko Suam

Nekesa mwanangu,

Sasa hivi tu umetoa betri kwa redio. Umekuja ukasimama mbele ya kabati, ukafungua kile kifuniko cha nyuma kwa ukucha, ukatoa moja, ukatoa ya pili, ukazitia mfukoni mwa sketi na kutoka nje kama mtu aliyetumwa chumvi. Hukuniangalia. Ilikuwa inakaribia saa ya yule mtu wa serikali kusoma idadi ya wagonjwa na ya wale wametuacha, na wewe umeshajua vile mimi hukaa hapo kila siku, mkono kwa shavu, kana kwamba kuna siku atamaliza nambari aanze kusoma majina.

Nimekuacha uende nazo. Nimechoka, Nekesa, na uchovu wenyewe si wa kazi. Kazi naijua: kuamka, kwenda kuchukua sukuma kwa wenye shamba, kuikata, kukaa kwa kibanda na maski imenibana masikio mpaka jioni. Huo uchovu ukilala unaisha. Huu wa kungoja simu unaamka kabla yako, unakukuta kitandani.

Kesho asubuhi tunatoka hapa Matisi. Wewe unabaki Tongaren kwa kukhu, nyanya yako, hadi shule zifunguliwe, na mimi naendelea Bungoma. Nimekuambia naenda kuangalia bei ya omena. Ukasema, "Si hata hapa Kitale kuna omena," nami nikakuambia umalize kukunja nguo.

Sitakuandikia ya kunawa mikono wala ya maski. Hayo yamesemwa hadi mbuzi wa hii ploti wanayajua. Ya kumsaidia kukhu kuteka maji na kutomjibu vibaya atakuambia mwenyewe, na atayarudia. Barua hii nilikuwa nimepanga kumpa yeye aifunge kwa leso, akupatie nikishaenda, ukiwa umekula na umetulia. Kuna kitu kimoja nimekuficha tangu mahindi yakiwa ya magoti, na sasa watu wanayachoma.

Kitu chenyewe ni hiki. Baba yako hayuko Suam. Hajakwama ng'ambo ya mpaka na vitunguu vile nilikuambia. Yuko hospitalini Bungoma, ana korona, anasaidiwa kupumua kwa oksijeni. Yuko hai. Hilo la mwisho nimeliandika haraka kwa sababu najua macho yako yamekimbia mbele kulitafuta.

Mwanzoni haikuwa uongo. Mpaka ulipofungwa alikuwa kweli Suam na lori la vitunguu, na wewe ulikuwa ukimpigia kumuuliza kama kule kuna baridi. Halafu mwenye lori akaona Suam hakupitiki, akawageuza wapitie Malaba. Malaba foleni ya malori ilikuwa imelala barabarani, kila dereva na turniboi, msaidizi wake, anangoja kupimwa. Baba yako alianza kukohoa akiwa hapo kwa foleni. Mimi aliniambia ni vumbi. Siku walipomchukua, aliyenipigia hakuwa yeye. Alikuwa khocha wako Wafula, ndugu yangu anayekaa Bungoma.

"Dada, Baba Nekesa amelazwa kidogo."

"Mtu hulazwa kidogo aje?"

"Si ile ya kulazwa sana. Wanamuangalia tu. Ako sawa."

Nilikuwa kwa kibanda, wewe uko pembeni unapanga nyanya mafungu mafungu. Ukaniuliza nani amepiga. Nikasema ni baba, anasema mpaka bado haujafunguliwa. Lilitoka hivyo, laini, hata sikulitafuta. Tangu siku hiyo nimekuwa kama mtu aliyeazima sufuria ya jirani, kila siku anasema kesho atairudisha, na kila siku inapita inakuwa aibu zaidi kugonga mlango.

Unajua vile kwetu habari mbaya hutembea. Haitumwi kwa simu. Inabebwa na mtu, na mtu huyo akifika anapewa kiti, anapewa maji, anauliza mvua imenyesha aje upande huu, anauliza ng'ombe, na wewe unamjibu huku umeshaanza kuelewa. Akishaona umekaa chini, na kuna mwanamke mwingine karibu wa kukushika, ndipo anasema. Na kama uko mbali, unaitwa nyumbani kwa kisingizio kidogo. Ni heshima. Wazee walikuwa wameona mtu akiangushwa na habari akiwa peke yake, ndipo wakaweka hivyo.

Mimi heshima hiyo iliniangusha hata hivyo. Baba yangu alipokufa nilikuwa hapa Kitale, wewe ukiwa mgongoni, meno mawili tu. Wafula huyu huyu akapiga. "Kuja nyumbani, mzee anakuuliza. Ni malaria kidogo." Nikanunua mkate, sukari na machungwa. Machungwa nilichagua sana, nikimsumbua yule mama wa kuuza, nataka yale malaini kwa sababu mzee alikuwa amepoteza meno ya mbele. Nilipoingia njia ya kwetu pale Tongaren nikakutana na mama mmoja wa kanisa amebeba viti viwili kichwani. Akasema, "Pole sana, mama." Nikasema asante. Nilidhani ananipa pole ya safari. Nikaendelea kidogo, halafu nikasikia sauti za wanawake kutoka nyumbani kwetu, ndipo nikaelewa viti vinaenda wapi.

Sikulia. Niliingia na mfuko wa machungwa mkononi, nikaenda pale kukhu amekaa chini, nikamuuliza niyaweke wapi.

Baadaye nilimfuata Wafula nyuma ya ghala la mahindi nikamtukana. "Ningekuambia kwa simu," akasema, "uanguke hapo stendi na mtoto mgongoni, nani angekuokota?" Na alikuwa na ukweli wake. Hiyo ndiyo inanichosha mpaka leo, kwamba alinifanyia vile akinipenda. Lakini njia nzima ile nilikuwa na furaha, Nekesa. Nilikuwa namuona mzee akinyonya chungwa. Tongaren yote inalia, na mimi peke yangu nacheka na muuza machungwa. Kifo chenyewe nilikikubali baada ya muda. Ile furaha ndiyo sijaweza kusamehe.

Nikasema mtoto wangu sitamfanyia hivyo. Nilisema nikikunyonyesha, usinione mtu wa kujitetea, nilisema kwa mdomo. Na sasa tazama. Juzi umemwambia Mama Wambui wa mlango wa pili kwamba baba akirudi atakuletea kitenge cha Uganda, cha manjano. Mama Wambui akaniangalia, akajifanya anatafuta kiberiti. Ulipoenda akanishika mkono.

"Huyu mtoto utamwambia lini?"

"Akifika kwa nyanya yake."

"Mama Nekesa, sisi kwetu ukifiwa unapigiwa simu, unaambiwa, unalia, unapanda gari ukiwa umeshajua unaenda wapi. Nyinyi mnafanya mtu mzima kama mtoto. Sasa mtoto mnamfanya kama nani?"

Nikamwambia kwani nani amefiwa hapa. Akasema pole. Hakuna aliyefiwa, nami nilimkasirikia siku nzima kwa kutaja hilo neno.

Unakumbuka ile Jumapili ya nduru. Wewe ulikuwa umeenda maji. Mimi nilikuwa nafagia mlangoni, nikainua kichwa, nikaona Wafula anaingia lango la ploti. Hakuwa amepiga simu. Amevua kofia, ameishika kifuani. Wakati huu watu hawatembeleani, na Bungoma si hapo; mtu hafiki hivi hivi. Sikungoja apewe kiti wala maji. Niliachilia ufagio nikapiga nduru. Mama Wambui akatoka mbio, mikono ina unga, akanishika na yeye akaanza. Wale wa ploti ya nyuma wakasikia wakaingia, wengine bila maski, na kabla Wafula hajafika mlangoni matanga yalikuwa yameshasimama.

"Ni nani amekufa?" Wafula akauliza.

Watu wanalia tu.

"Nauliza ni nani amekufa hapa? Mbona hamkunipigia?" Na machozi yameanza kumtoka yeye pia, kwa sababu alinihesabu mimi nipo, akadhani ni wewe.

Mama Wambui akamshika shati. "Si ni wewe umeleta habari?"

"Habari gani? Mimi nimeleta mahindi."

Na kweli, nyuma yake kulikuwa na kijana wa bodaboda anateremsha gunia la mahindi mabichi. Kofia alivua kwa sababu ya jasho.

Mzee wa mtaa alikuwa ameshasikia kelele, akaingia na fimbo yake. "Mikutano imekatazwa. Matanga ni ya watu wachache, mnajua sheria. Maiti iko wapi?"

"Ni hiyo hapo," Mama Wambui akasema, akionyesha gunia. "Shika mbili ukachome."

Akashika nne. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, unajua vile mtu anacheka na kamasi bado inamtoka. Hapo ndipo ukaingia na mtungi wako wa maji, ukatuona, ukauliza, "Mama, nani amekufa?" Ilikuwa ndiyo nafasi yangu. Wafula yuko, Mama Wambui yuko, kiti kiko, maji umeleta mwenyewe.

"Shangazi Rodha," nikasema.

"Wa upande gani?"

"Wa mbali."

Ukaniuliza ameacha watoto wangapi. Nikasema wanne. Mungu anisamehe, hakuna Rodha, na hao wanne unawaombea kila jioni tukipiga magoti, na yule wa mwisho unamwombea peke yake kwa sababu uliamua bado ananyonya. Mimi nimefunga macho kando yako nasema amina.

Kukhu alinipigia baada ya siku chache. "Nasimiyu, Nekesa amenipa pole ya Rodha. Rodha ni nani kwetu?" Nikamweleza. Alicheka sana, halafu akaacha. "Nilimwambia simjui mtu kama huyo. Mtoto hakubisha. Alisema tu, 'Sawa kukhu,' akaniuliza habari ya kuku. Mtoto akiacha kubisha, angalia vizuri."

Sikuangalia. Nilikuwa na shughuli ya kungoja.

Kila asubuhi Wafula anapeleka uji wa wimbi hapo getini kwa hospitali, anamwachia anayeuingiza, halafu ananipigia.

"Anaendelea."

"Anaendelea kwenda wapi?"

"Dada, jameni. Anaendelea vizuri."

Wiki hii ameniambia wamempunguzia oksijeni, ati sasa anakaa kitandani mwenyewe bila kushikwa. Hiyo ni habari nzuri. Mtu mwingine angetoka nje aruke. Mimi niliposikia, kitu kilichonijia masikioni ni "malaria kidogo". Pengine Wafula anasema kweli tupu kila siku ya Mungu, na mimi sijaweza kuifurahia hata mara moja. Alinidanganya mara moja kwa huruma, miaka mingi iliyopita, na tangu hapo hana njia ya kunipa habari njema ikanifikia. Ndiyo maana naenda mwenyewe. Wodini siruhusiwi, hilo najua. Nataka tu nisimame getini nimuone yule anayeingiza uji akirudi na kikombe kitupu.

Nimeacha kuandika kidogo. Ulikuwa umeingia.

"Unaandika nini?"

"Hesabu ya sukuma."

"Hesabu ndefu hivyo?"

"Sukuma imepanda."

Nimefunika karatasi na mkono, na wewe umejifanya unatafuta kandambili chini ya kitanda. Yaani nimekudanganya katikati ya hii barua. Umezipata kandambili, umefika mlangoni, ukageuka.

"Mama, huko Bungoma, mtu akiwa wodi, wanakubali aletewe uji?"

"Wodi ya nani?"

"Mi nauliza tu."

Ukaenda. Nimesikia ukimwita kuku wa Mama Wambui kama hakuna kitu.

Sasa nimekaa hapa na kalamu, na mkono hautaki kusonga. Tangu lini, Nekesa? Tangu Rodha? Ama tangu ile siku ya nyanya? Nimerudi nyuma naangalia kila kitu. Zile jioni ulikuwa unakataa kulala hadi simu yangu iwekwe kwa chaji. Ile siku ulisema huna njaa, nikakupigia kelele ya kuringa. Hata kile kitenge cha manjano, pengine ulikitaja kwa sauti ili nisikie, ili nione bado unaamini, nisiumie. Na hizo betri.

Basi kama ni hivyo, umekaa na hii habari peke yako. Bila kiti, bila maji, bila mwanamke wa kukushika. Kitu kile kile wazee walikataa mtu afanyiwe, ndicho nimekufanyia, na nilikuwa nimelala kando yako kitanda kimoja.

Baba yako alijua. Mara ya mwisho tulipoongea akiwa bado na sauti ya kutosha, aliniuliza kama umeanza kuuliza maswali. Nikamwambia hapana, anacheza tu. Akacheka, na kicheko kikamletea kikohozi, nikangoja mpaka kikatulia. Akasema, "Basi wewe humjui Nekesa. Huyo akinyamaza ameshajua." Akaniambia nikuambie. Nikasema nitakuambia. Halafu simu yake ikawa ni ya mteja hapatikani, na mpaka leo yeye anadhani wewe unajua na unamwombea kwa jina lake. Kumbe kwa kinywa unamwombea Rodha. Moyoni sijui.

Si korona imenifundisha huu uongo, nilikuja nao. Nilipotoka nyumbani nikiwa na mimba yako, shule nimeiachia njiani, nilimwambia baba yangu nimepata mahali pa kujifunza ushonaji Kitale. Nilikuwa nafua nguo za watu, mikono imepasuka kwa sabuni. Kila nikiulizwa, niko sawa. Mzee akasimama kanisani akashukuru kwa ajili ya cherehani yangu. Mara moja alinitumia suruali yake ya kitambaa nimpunguzie kiuno. Nililipa fundi mwingine aipunguze, nikairudisha, na akaivaa mpaka siku zake za mwisho, akiwaonyesha watu kazi ya binti yake. Niliona ni jambo dogo la kumfurahisha. Lakini siku zile nilikuwa na njaa ya kweli, na yeye alikuwa na mahindi ghalani, na kati yetu kulikuwa na hiyo suruali. Angeniita nirudi nyumbani siku hiyo hiyo kama angejua. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Kwa hivyo nikikwambia ukiwa kwa kukhu usiniambie uko sawa kama hauko, siyo amri. Sina mdomo wa kukuamuru hilo. Naomba tu. Ukiwa na homa, sema ni homa. Ukinikasirikia, na utanikasirikia, piga simu useme, "Mama, leo nimekasirika," hata kama ni hayo tu, halafu ukate. Nitaipokea. Na mimi nikipiga nitakuambia nilichokiona na macho yangu, na kile sikukiona nitasema sikukiona. Hata kikiwa kibaya. Sitamtuma Wafula kwako na kofia mkononi.

Ninachojua leo ni hiki. Amekaa muda mrefu kuliko wengine waliolazwa naye. Wengine wametoka kwa miguu, na mmoja hakutoka. Oksijeni bado anatumia. Uji anakunywa, kama Wafula ni mkweli. Hajaingia nyumba hii tangu augue, kwa hivyo mimi na wewe hatuna ugonjwa wa kumpelekea kukhu, nilimuuliza mhudumu wa afya wa mtaa mara mbili, usiogope kumkumbatia. Nisichojua ni kama atarudi. Nimeandika hilo neno na mkono umekubali, hata sikudhani.

Lakini mimi naamini atarudi, na hii si ya kukutuliza. Baba yako ni mbishi. Ni mtu aliyebishana na daktari wa meno hadi jino likaachwa, na liko mpaka leo, limeoza upande mmoja analitumia upande mwingine. Lori likikwama matopeni wenzake wanakaa chini kungoja trekta, yeye anatafuta mawe. Naona huko kitandani anawachosha manesi. Huwa nikifikiria hilo napumua hadi chini kabisa. Siku akitoka atakuwa mwembamba, na atataka kuonekana hajaumwa, na mimi na wewe tutamwacha ajisifu siku moja tu. Ya pili tutamlaza.

Jua limeshuka upande wa reli. Nimesoma tena nilichoandika na nimeona kitu. Hii barua sitampa kukhu. Nikimpa, kukhu atakukalisha chini, atakupa uji, atakuuliza safari, halafu atoe karatasi kwa leso. Nitakuwa nimemtuma mtu tena. Na mimi nitakuwa nimeshafika Bungoma, nimesimama getini najisifu nimekuambia ukweli, kumbe nimekuambia nikiwa mbali, pale huwezi kunilaumu usoni. Tena nimeona hivi: tangu saa nane niko hapa naandika, na wewe uko hapo nje, umbali wa kuita. Nimejaza karatasi zote hizi ili nisitembee hadi mlangoni.

Unaniita. "Mama! Kuja unisuke, giza inaingia!"

Shule zimefungwa hadi nywele zako zimekua kama za bibi harusi, na umesema hutaki kukhu azione hivyo. Nimejibu nakuja. Afadhali iwe hivyo, macho yako yakiwa mbele na yangu yakiwa kwa kichwa chako, ukilia nitakuwa nimekushika tayari, na nikilia mimi hutaniona mpaka nimalize. Hizi karatasi nitaziweka kwa begi lako, chini ya sweta, si kwa ajili ya habari, habari utakuwa nayo, ila kwa ajili ya yale mengine ambayo nikiongea huwa nayasahau, kama vile

Umeita tena. Umesema kitana unacho, na stuli umeshaweka. Nakuja, Nekesa. Nitakaa, wewe utakaa chini katikati ya magoti yangu, na kabla sijapasua mstari wa kwanza nitakuambia baba yako